Laptopu moja, skrini tatu na chumba chembamba cha Mji wa Kale: meza ya kazi niipange vipi?

Mkaazi wa Kuze aliuliza:

Assalaam aleikum ndugu na dada zangu, na hamjambo nyote. Mimi huandika programu nikiwa nyumbani, Mji wa Kale wa Mombasa, kwa ajili ya kampuni iliyo nje ya nchi, kwa hivyo meza yangu ndiyo ofisi yangu asubuhi hadi usiku. Kazi yenyewe ni ya upande wa seva: Python, hifadhidata, na dirisha la teminali lisilofungwa. Hadi sasa natumia laptopu peke yake, ThinkPad T480 ya mtumba yenye skrini ya inchi 14 na mfumo wa Ubuntu, nami nimechoka kupekua madirisha yaliyolaliana kila ninapotaka kulinganisha msimbo na matokeo yake. Shingo nayo imeanza kudai haki yake.

Nia yangu ni kuweka skrini tatu za nje. Duka moja la mjini limenionyesha skrini za mtumba za inchi 24 za Full HD, shilingi 9,500 kila moja, bila miguu. Papo hapo muuzaji akanishauri niachane nazo ninunue moja mpya ya inchi 27 ya 4K, kwa hoja kwamba hiyo moja ni sawa na nne. Nilichonacho ni shilingi 70,000, na humo imo meza pia, kwa sababu ninayoitumia sasa ni ya kulia chakula na wenyewe huidai kila jioni.

Chumba ni cha ghorofani, kirefu na chembamba kama vilivyo vingi katika nyumba za zamani, na dirisha lake liko mwisho wa chumba, linatazama baharini. Nilifikiria kufunga mkono wa chuma ukutani ili skrini zote zining'inie na meza ibaki tupu. Ukuta ni wa matumbawe na chokaa, mnene sana, na kwa macho yangu una nguvu za kutosha. Naomba mnieleze: laptopu hii itazibeba skrini tatu? Kwa mtu anayesoma maandishi mchana kutwa, ipi ni bora, 4K moja au Full HD kadhaa? Na umeme ukikatika, jambo ambalo kwetu si geni, ninunue UPS, kile kisanduku chenye betri ya akiba, ya kiasi gani?

Nahodha wa Seva alijibu:

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nitaanza na laptopu kwa kuwa ndiyo itakayoamua mengine yote. Watu wengi hununua skrini kwanza, kisha ndipo waanze kutafuta matundu ya kuzichomekea.

T480 ina tundu moja la HDMI na matundu mawili ya USB-C, moja la kawaida na jingine la Thunderbolt 3, na yote matatu hutoa picha. Kwa hesabu ya haraka mtu husema skrini tatu zimepatikana. Hata hivyo, chaja nayo huingia katika tundu mojawapo la USB-C, kwa hivyo ukiwa mezani unabakiwa na HDMI na USB-C moja, isipokuwa ununue doki, yaani kile kisanduku kinachopokea chaja na nyaya zote halafu kikaunganishwa na laptopu kwa waya mmoja. Zaidi ya hayo, kadi ya picha ya Intel iliyomo ndani ya mashine hiyo huonyesha picha tatu tofauti kwa wakati mmoja na si zaidi, na skrini ya laptopu yenyewe imehesabiwa humo. Ukitaka tatu za nje, doki au hakuna doki, itakubidi uzime ile ya laptopu. Mimi naona mbili za nje pamoja na ya laptopu zinaifaa kabisa mashine hii, na hata kama ingeweza kubeba tano ningekupa shauri hilo hilo, kwa sababu skrini ya tatu ya nje aghalabu huishia kuonyesha barua pepe.

Muuzaji hakukudanganya kwa hesabu, maana pikseli (doti za picha) 3840 kwa 2160 za 4K ni mara nne ya 1920 kwa 1080 za Full HD. Asichokuambia ni kwamba HDMI ya T480 ni ya toleo la 1.4, na toleo hilo hupeleka picha ya 4K kwa kasi ya 30 Hz tu, yaani picha 30 kwa sekunde. Utaliona hilo pale utakapopandisha ukurasa wa msimbo: maandishi yanarukaruka, na kishale cha kipanya kinachelewa nyuma ya mkono wako. Ili upate 60 Hz itabidi skrini hiyo uiunganishe kwa waya wa USB-C kwenda DisplayPort (tundu jingine la picha), na HDMI uiachie skrini nyingine.

Kuna suala la ukubwa wa herufi, nalo kwangu lina uzito kuliko hata kasi. Skrini ya inchi 27 ya 4K ina takriban pikseli 163 kwa kila inchi, kwa hivyo herufi hutoka ndogo mno na huna budi kuzikuza kwa asilimia 150 hivi. Ya inchi 24 ya Full HD ina takriban 92. Herufi zake ni za ukubwa wa kawaida, ila kingo za herufi hizo si laini ukizitazama kwa makini. Katikati yake iko inchi 27 ya pikseli 2560 kwa 1440, yenye takriban 109 kwa inchi, ambayo husomeka bila kukuzwa, na HDMI yako ya 1.4 inaiendesha kwa 60 Hz bila taabu. Kwa mwandishi wa programu aliye kwenye Ubuntu nafuu hiyo si ndogo: ukiingia kwa X11, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha, kuipa kila skrini kipimo chake cha kukuza ni mateso, na hata kwa Wayland, mfumo mpya unaolimudu jambo hilo vizuri, baadhi ya programu za zamani huonekana zenye ukungu pale kipimo kinapokuwa cha sehemu, kwa mfano asilimia 125 au 150.

Kwa hivyo mimi ningenunua moja ya inchi 27 ya 1440 iwe ndiyo kuu, na moja tu ya zile za mtumba iwe ya pembeni. Unaponunua nyaya, angalia mwelekeo wake: waya wa kawaida wa DisplayPort kwenda HDMI hufanya kazi pale DisplayPort inapokuwa upande wa kompyuta, wala haukubali kugeuzwa. Na ukiambiwa skrini ina tundu la VGA peke yake, iache. Picha ya VGA husafiri kwa njia ya analogi, na herufi ndogo huja zimefifia.

Fundi Seremala, Majengo, alijibu:

Mwanangu, habari za matundu nawaachia wenzako. Mimi nitasema na ukuta na meza, kwa maana nimefunga rafu na makabati ya kutosha katika nyumba za mtaa huo.

Ukuta wa matumbawe ni mnene, lakini unene si ugumu. Ndani yake mna vipande vya mawe visivyo na umbo moja, vimeshikanishwa kwa chokaa, na lipu ya juu nayo ni ya chokaa. Unapotoboa huwezi kujua kama ncha ya kekee imeingia kwenye jiwe au kwenye kiungo cha chokaa kinachomwagika kama unga. Picha ya familia utaitundika na itakaa. Mkono wa skrini ni jambo jingine, kwa sababu uzito wake haushuki chini tu bali huvuta kuja mbele, na kadiri unavyourefusha mkono ndivyo skrubu za juu zinavyong'olewa. Ongeza na kuivuta na kuisukuma skrini kila siku, na ile plagi ya plastiki iliyomo tunduni italegea polepole bila wewe kuona. Ufunge mkono huo kwenye ukingo wa meza kwa kibanio chake, uuache ukuta wa watu na lipu yake.

Meza iegemee ukuta mrefu, wala usiiweke chini ya dirisha. Vyumba hivyo ni vyembamba kwa sababu dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazipatikani ndefu, ndiyo maana vingi havifiki mita tatu kwa upana. Meza ikikaa kwa urefu wa chumba, dirisha linakuwa ubavuni pako: mwanga wa bahari haukupigi machoni kutoka nyuma ya skrini, wala haukurudii kwa kumeta juu ya kioo.

Skrini ya inchi 24 ina upana wa takriban sentimita 53 na ya inchi 27 takriban 60, hivyo meza ya sentimita 150 inakutosha na kikombe chako cha kahawa. Kina kisipungue sentimita 75, ili skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa. Urefu kutoka sakafuni uwe 72 hadi 74, au pungufu kidogo kama wewe ni mfupi. Kaa kwenye kiti utakachotumia, ukunje viwiko, na fundi apime hapo hapo. Kuna jambo moja ambalo wateja hawaniambii mapema: mikono mingi ya skrini hukunja kiwiko chake nyuma ya meza, na ukiisukuma meza mpaka ikagusa ukuta, kiwiko hakina pa kwenda na skrini inakujia usoni. Acha nafasi ya shibiri moja.

Kuhusu mbao, usikubali MDF (mbao za unga wa mbao uliobanwa) wala zile mbao za kubana za maranda, hata ukiambiwa zimepakwa plastiki juu. Unyevu wa pwani huingilia kwenye kingo, zikavimba, na kibanio cha mkono huzibonyeza hata zikaacha shimo. Mbao ya mwembe iliyokauka vizuri inatosha, au blokbodi nzito ikiwa pesa ni kidogo, na chini ya kibanio weka bamba dogo la chuma litandaze uzito. Vanishi ipakwe pande zote mbili, juu na chini, kwa kuwa mbao iliyofungwa upande mmoja hunyonya unyevu upande wa pili ikapinda. Na umwambie fundi wako miguu ifunguke kwa bolti. Ngazi za nyumba zenu nazijua. Meza iliyoungwa moja kwa moja itaishia barazani.

Mkaazi wa Kuze aliongeza:

Ahsanteni sana. Mkono wa ukutani nimeufuta, na skrini ya tatu pia, ingawa hiyo kwa shingo upande. Niseme pia kwamba skrini ya laptopu yangu ni ya Full HD, maana najua kuna T480 zilizouzwa na skrini hafifu zaidi. Kabla sijarudi dukani, ile ya mtumba niikague vipi? Na ikishafika mezani, niiweke upande gani?

Bint Tudor alijibu:

Kaka, nenda dukani na laptopu yako na nyaya zako mwenyewe, usitegemee za muuzaji. Igeuze skrini kwanza, utazame mgongo wake: kunapaswa kuwa na matundu manne ya skrubu yaliyopangika mraba, sentimita 10 kwa 10 kutoka tundu hadi tundu, au 7.5 kwa 7.5 kwa baadhi. Hicho ndicho kipimo cha VESA, na mikono karibu yote hufuata vipimo hivyo viwili. Kwa kuwa skrini unazouziwa hazina miguu, isiyo na matundu hayo haina pa kushikwa. Hapo hapo mgongoni soma kibandiko, kwani nyingi zimeandikwa mwaka zilipotengenezwa, na taa za nyuma za skrini iliyowashwa ofisini kwa miaka mingi huwa zimefifia.

Kisha uiwashe na ujaze skrini nzima rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu. Katika nyeupe utaona madoa ya kivuli na umanjano wa pembeni; katika nyeusi utaona doti zinazowaka zisipotakiwa, na mwanga unaovuja kwenye kingo. Doti moja ya pembezoni mimi huivumilia na kuiombea punguzo. Usikubali harakaharaka za dukani. Iache iwake robo saa, kwa sababu kuna zinazoanza kumetameta zikishapata joto.

Kuhusu mpangilio, nakubaliana na Nahodha juu ya moja kuu na moja ya pembeni, lakini hakusema neno ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: hiyo ya pembeni isimamishe wima. Msimbo ni mrefu kuliko ulivyo mpana. Skrini ya inchi 24 ikisimama inakupa pikseli 1920 kwenda chini na 1080 kwa upana, ambao unatosha mistari ya herufi 100 bila kubana, na faili unayoisoma au kumbukumbu za seva zinazotiririka utaziona kwa kipande kirefu badala ya kuchungulia kwa tundu la ufunguo. Sharti ni kwamba paneli yake, yaani kioo chenyewe cha picha, iwe ya aina ya IPS. Paneli za aina nyingine, TN, zina udhaifu wa kutazamwa kutoka chini, na ukizigeuza wima udhaifu huo unahamia kushoto na kulia, jicho moja likaona rangi tofauti na jingine. Dukani ishike skrini wima kwa mikono yako na usogeze kichwa. Ikibadilika rangi, ni ya kulala tu.

Kuu ikae mbele yako kabisa, katikati yake ikiwa sawa na katikati ya kibodi, na ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho au chini kidogo. Ya wima ikae ubavuni, upande ulio mbali na dirisha, imeinamishwa kukuelekea. Nimewaona wengi wakiweka mbili zilizo sawa na kuukabili ule ufa wa katikati, halafu wakafanya kazi siku nzima wamegeuzia shingo skrini moja. Ukweli ni kwamba mtu hana kazi mbili zilizo sawa.

Kwenye Ubuntu utafurahi kujua kwamba GNOME, programu inayopanga madirisha yake, ikiachwa kama ilivyokuja, hubadilisha nafasi za kazi (mafungu ya madirisha) kwenye skrini kuu peke yake. Ukihama kutoka kwenye mradi mmoja kwenda mwingine, teminali iliyo kwenye skrini ya wima inabaki pale pale. Na ukiona herufi za skrini hiyo ya wima zina kingo zenye rangirangi, nenda kwenye mipangilio ya fonti uchague ulainishaji wa kijivu, kwa sababu ule mwingine umekusudiwa vijipikseli vilivyolala safu kwa safu, nawe umekwisha kuvisimamisha.

Mzee wa Kizingo alijibu:

Swali la umeme limerukwa, nami nitalijibu kwa hesabu. Skrini ya LED ya inchi 24 hutumia wati 20 hadi 30, ya inchi 27 huzidi kidogo, na chaja ya laptopu yako ni ya wati 65 kwa juu. Jumla yako haifiki wati 150 hata kila kitu kikiwa kinafanya kazi kwa nguvu. UPS ndogo ya 650 VA hubeba zaidi ya wati 300, kwa hivyo uwezo wa kubeba si tatizo. Tatizo ni muda. Betri yake kwa kawaida ni ya volti 12 na Ah 7, sawa na wati-saa 84 kwenye karatasi, na kwa vitendo hupati zote.

Kwa sababu hiyo laptopu usiichomeke kwenye UPS hata kidogo. Ina betri yake. Chomeka kile kisanduku cha intaneti na skrini kuu tu, na hii ya wima iache izimike. Kwa mpango huo unapata muda wa kumaliza kikao na kusukuma kazi yako kwenye seva, na umeme ukichelewa utaendelea na laptopu na intaneti kwa muda mrefu zaidi. UPS iwekwe sakafuni mahali penye hewa, isifungiwe kabatini, kwa kuwa betri za risasi haziupendi joto la kwetu: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu. Skrini ambayo haimo kwenye UPS iwekee kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme uliorudi, maana madhara mengi hutokea umeme unaporudi.

Na kwa kuwa dirisha lako linatazama bahari, chumvi nayo itakutembelea. Nyaya zikikaa miezi bila kuchomolewa, miguso yake hushika kutu ya kijani na picha ikaanza kupotea na kurudi; chomoa na kuchomeka mara moja moja, na ufute kwa kitambaa kikavu. Pangaboi halina neno, lizungushe utakavyo. Lakini ukitoka na kuacha skrini zimezimwa karibu na dirisha lililo wazi, zifunike kwa shuka jepesi.

Mkaazi wa Kuze aliongeza:

Nimeelewa, na Mungu awabariki. Limebaki moja. Leo nimeonyeshwa skrini ya inchi 27 ya 1440 ambayo ina tundu la USB-C pamoja na HDMI, lakini bei yake ni ya juu kuliko ile isiyokuwa nalo. Tofauti hiyo inanifaa chochote?

Nahodha wa Seva alijibu:

Inategemea wati zilizoandikwa kando ya tundu hilo au kwenye kijitabu chake. Kuna USB-C zinazopokea picha peke yake, na kuna zinazopokea picha huku zikiirudishia laptopu umeme kwa waya huo huo. Ikiwa ni ya pili na inatoa wati 65, ichukue: T480 itachajiwa na skrini, chaja itabaki mkobani, na tundu la pili la USB-C litakuwa huru. HDMI itaendesha ile ya wima, nawe utakuwa umeepuka kununua doki, ambayo bei yake pengine ingezidi tofauti unayoiona sasa. Ikiwa inatoa wati 15 tu, lipa bei ya chini na pesa inayobaki uitie kwenye mkono wa skrini ulio imara. Kumbuka pia kwamba ukichajia hapo, wati za laptopu zinapita ndani ya skrini, kwa hivyo ile hesabu ya UPS aliyokupa Mzee itabadilika. Umeme ukikatika, hamisha picha kwenye waya wa HDMI kwa dakika hizo na uiache laptopu itumie betri yake.